Moto wa Mikono Minne

Chawa ni mdudu mdogo kuliko punje ya mtama, lakini hebu mkamate kwenye mshono wa shuka, kisha ujaribu kumuua kwa kidole kimoja. Utambonyeza, atateleza. Utambonyeza tena, atajificha kwenye uzi, nawe utabaki unajikuna. Ukitaka afe unaleta kucha mbili, moja huku na nyingine huku, na kazi inakwisha hapo hapo. Ndiyo maana wahenga, waliowajua chawa vizuri kuliko sisi, walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake ni kwamba mtu, hata awe hodari wa namna gani, zipo kazi zitakazomshinda mpaka akubali mkono wa mwenzake. Wanafunzi huiandika methali hii kwenye madaftari wakapigiwa alama ya vema, kisha wakaisahau. Kabula binti Masunga wa Litapunga yeye alifundishwa na malengelenge.

Kabula alikuwa mama wa miaka thelathini na sita, na majirani walimwita mama Minza, kwa jina la binti yake wa kwanza. Wazazi wake walihamia Nsimbo, wilaya yenye kijiji hicho cha Litapunga, kutoka Usukumani wakiswaga ng'ombe, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Hapo zamani boma lao lilijaa mifugo, lakini ukame na maradhi viliipunguza mwaka hadi mwaka, mpaka wakabaki maksai wawili wa kulimia. Mume wake naye alikwenda Mpimbwe kutafuta shamba la mpunga, akaona huko kunamfaa zaidi, akatia nanga. Tangu siku hiyo kila jambo la Kabula lilisemewa na shemeji yake. Mbegu zikigawiwa, shemeji ndiye aliyeitwa jina. Mkutano ukiitishwa, shemeji ndiye aliyesimama na kusema, "Sisi kwa mama Minza tunaona hivi," wakati mama Minza mwenyewe ameketi pale pale na hajaulizwa anaonaje.

Kabula alichoka. Tena nasema alichoka hasa, si uchovu ule wa jembe unaoisha kwa usingizi. Alitaka awe na jambo moja tu duniani lililoandikwa kwa jina lake, na jambo alilolichagua lilikuwa nyuki. Alipomweleza baba yake, mzee Masunga alicheka mpaka akakohoa. "Msukuma na nyuki wapi na wapi?" akauliza. "Nyuki hawaswagwi, mwanangu." Kabula alimwacha akicheka. Aliazima nyundo na msumeno, akagongomea mbao mwenyewe hadi akapata mizinga kumi na miwili, akaipaka nta ndani na kuipanga chini ya upenu wa nyumba. Ilibaki kazi ya kuipeleka msituni.

Hapo ndipo penye kisa. Msitu ulikuwa wa hifadhi, na walioruhusiwa kutundika mizinga humo ni wanachama wa kikundi cha Tujaribu peke yao. Kikundi kilipeleka orodha ya majina kwa wasimamizi wa hifadhi kila mwaka, na mwaka ule orodha ilikuwa iende Jumatatu ya pili ya mwezi wa tisa, miti inapoanza kuchanua na nyuki wanapohama kutafuta makao mapya. Ambaye jina lake halikuwemo alingoja mwaka mzima.

Kikundi nacho kilikuwa na sharti lake la kujiunga, ambalo huenda hujapata kulisikia kwingine. Mwanachama mpya alitakiwa atoe moto kwa kupekecha vijiti, mbele ya wanachama wote, bila kiberiti. Usidhani walikuwa wanacheza. Miaka mitatu nyuma mrinaji mmoja alitupa njiti ya kiberiti kwenye majani makavu, na kabla jua halijazama mizinga arobaini ilikuwa imeteketea pamoja na nyuki wake. Wanachama walikaa kikao, wakakubaliana kwamba kiberiti hakiingii msituni kamwe. Moshi wa kurinia asali utatokana na moto wa kupekecha, kwa sababu moto uliokutoa jasho huwezi kuutupa ovyo. Nani atabisha? Kitu cha bure ndicho kinachoachwa kinaungua.

Aliyewafundisha wageni kazi hiyo alikuwa Helena, katibu wa kikundi, Mkonongo mmoja mnene mwenye maneno mengi. Aliwakusanya kwenye uwanja wa stoo ya asali, akaweka chini kipande cha mbao laini ya mkuyu kilichotobolewa kishimo na kukatwa mkato pembeni. Juu ya kile kishimo akasimamisha kijiti cha mkole kirefu kama mkono, kimenyooka na kukauka.

"Huyu wa juu ni mume, na huyu wa chini ni mke," Helena alisema. "Mume anazunguka, anapiga kelele, anaonekana ana kazi. Mke ametulia. Lakini moto ukitoka, unatoka kwa mke."

Wanachama waliokuja kutazama wakacheka, naye akakiweka kijiti katikati ya viganja na kuanza kukipekecha, mikono ikienda mbele na nyuma huku ikishuka taratibu kwa kukandamiza. Ilipofika chini aliirudisha juu upesi, akaanza tena. Unga mweusi ukajikusanya kwenye ule mkato, moshi ukatoka, na baada ya muda unga wenyewe ukaanza kufuka bila kupekechwa. Aliudondosha kwenye mavi makavu ya tembo yaliyofikichwa, akapuliza, moto ukawaka. Ilionekana rahisi kama kusonga ugali.

Waliojifunza siku hiyo walikuwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa Kabula. Wa pili alikuwa Spès, mama Fabrice, na hapa naomba nikueleze jambo ili usije ukashangaa baadaye. Kabula na Spès walikuwa hawasalimiani. Msimu uliopita maksai wa Kabula walikata kamba wakaingia kwenye maharage ya Spès, wakala mistari sita na kulalia mingine. Spès alikuja na fimbo mkononi, akasema watu wa ng'ombe hawana adabu, wanadhani dunia nzima ni malisho. Kabula naye akamjibu neno ambalo hakupaswa kulisema, akamwita mkimbizi. Spès alizaliwa hapo hapo Nsimbo, ana uraia wake, na Burundi aliijua kwa masimulizi ya mama yake. Neno lile lilimchoma. Fidia ililipwa, wazee wakasuluhisha, lakini tangu siku hiyo wakikutana njiani kila mmoja alitazama upande wake.

Kwa hiyo Helena alipowaambia, "Nyie mko wawili, fanyeni mazoezi pamoja," wote waliitikia na hakuna aliyetekeleza. Kila mmoja alikwenda kupekecha kwake.

Kabula alipiga moyo konde. Kila alasiri, kwa wiki mbili, alipiga magoti nyuma ya nyumba na kupekecha mpaka mabega yakawaka. Siku ya kwanza aliona moshi kidogo. Siku ya pili viganja vilitoka malengelenge, na siku ya tatu malengelenge yakapasuka. Akafanya kile ambacho mtoto yeyote wa mfugaji angekifanya. Kwao mkono uliochunika kwa kamba ya ng'ombe au kwa kukamua ulipakwa samli, basi. Alichota samli aliyoinunua mnadani kwenye kibuyu, akapaka viganja, akalala. Asubuhi maumivu yalipungua, naye akaushukuru ufundi wa wazazi wake. Alipaka tena siku iliyofuata, na iliyofuata, na kila alipomaliza kupaka alikwenda kupekecha.

Ajabu ni kwamba kadiri alivyojifunza ndivyo moto ulivyozidi kumkimbia. Ule moshi wa siku ya kwanza haukuonekana tena. Kijiti kiling'aa, kikateleza viganjani, na kule chini kwenye kishimo kikawa kinalia tu, wii, wii, kama mlango usiotiwa mafuta, kumbe mafuta ndiyo yaliyozidi. Kabula alidhani ni mikono yake isiyo na nguvu. Akazidisha bidii, na bidii ikazidisha malengelenge, na malengelenge yakazidisha samli. Usiku wa kuamkia mtihani alilala akiwa amekata tamaa, ila alikuwa mkaidi mno kusema hivyo kwa mtu.

Jumamosi ilifika, siku mbili kabla ya orodha kwenda. Wanachama wapatao ishirini waliketi kwenye uwanja wa stoo. Mwenyekiti, Cletus, alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki akiwa na daftari la sheria mapajani na simu mkononi. Cletus alikuwa Mbende wa makamo, mrinaji stadi, na mtu wa haki. Ila haki yake ilikuwa ya kusoma daftarini, na daftari likisema nyeupe, hata wewe ukionyesha nyeusi, atakuomba ukae chini.

"Kila mmoja ana dakika ishirini," alitangaza. "Simu itahesabu. Anaanza mama Fabrice."

Spès alikuwa na mikono iliyozoea mchi na jembe. Alikandamiza tangu mwanzo, na moshi ukatoka mapema kuliko watu walivyotarajia. Lakini kifundo cha mkono wake wa kushoto kiliwahi kuvunjika alipokuwa binti, alipoanguka na baiskeli, na hakikuunga vizuri. Dakika ya nane kilianza kumuuma. Akasimama akakikung'uta. Moshi ukakata. Akaanza upya, akasimama tena. Mara ya tano aliposimama hakuinua tena mikono, akabaki amepiga magoti akihema, mpaka simu ikalia.

"Mwakani, mama Fabrice," Cletus akasema, si kwa ubaya.

Spès aliinuka, akaenda kukaa kwenye gogo pembeni. Hakuondoka, kwa kuwa angeondoka angelia njiani, na hakutaka kuonwa.

Kabula akaitwa. Alipiga magoti, akaukanyaga ubao kwa unyayo, akaanza. Wii, wii, wii. Dakika tano zikapita bila hata harufu ya kuungua. Nane. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni na kijiti kikazidi kuteleza kama kambare. Baadhi ya wanachama walianza kuzungumza mambo yao, na huo ndio ujumbe mbaya kuliko kuzomewa.

Ndipo Spès, kutoka pale kwenye gogo, akainua pua. "Mama Minza," alisema, "mikono yako inanuka samli."

Watu wawili watatu wakacheka. Kabula alihisi damu inampanda kichwani. Wiki mbili za mateso, na huyu mwanamke anapata nafasi ya kumtukana kwa ajili ya ng'ombe mbele ya kikundi kizima.

"Umeanza," Kabula akasema bila kuacha kupekecha. "Ng'ombe wangu wamekukosea nini tena leo?"

"Sijasema ng'ombe, nimesema samli. Sikiliza hicho kijiti kinavyolia. Umekipaka mafuta, kitasugua nini? Kikwangue. Na mikono yako isugue na majivu."

Kabula alisita. Je, kama ni hila ya kumpotezea muda? Alileta kiganja puani, akanusa. Akanusa na kijiti. Masikini, alikuwa amekinusa kila siku asisikie kitu, maana mtoto wa samli hasikii harufu ya samli. Ile dawa aliyoishukuru kila asubuhi ndiyo iliyokuwa ikizima moto wake. Aibu ilimshika, lakini hakukuwa na muda wa aibu. Aliomba kisu, akakwangua kijiti chote mpaka kikawa cheupe, akachimba kishimo kipya pembeni ya kile kilichong'aa na kukata mkato mwingine, akasugua mikono kwa majivu na kutia chembe za mchanga kishimoni.

"Zimebaki dakika sita," Cletus akasema.

Sasa kijiti kilishika. Mlio ukabadilika, ukawa mzito, na moshi wa kwanza ukatoka kabla hajashuka mara tatu. Waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Unga mweusi ukaanza kudondoka. Lakini kila viganja vilipofika chini ilibidi avirudishe juu, na katika kile kitambo kidogo kijiti kilisimama, na kikisimama kinapoa. Alipanda, moshi ukapungua. Akashuka, ukarudi. Akapanda, ukapungua zaidi. Mikono ilikuwa imechoka na kupanda kwake kulikuwa kunazidi kuwa kwa polepole. Ngozi mpya ya viganja ilichanika, na damu ikaonekana kwenye kijiti.

"Zimebaki dakika mbili."

Spès alisema baadaye kwamba hakuamua. Alisema mtu aliyewahi kupekecha, akauona moshi na kuupoteza, hawezi kuutazama moshi mwingine ukifa. Watu walimwona tu amekwisha kupiga magoti upande wa pili wa ubao. Mikono ya Kabula ilipofika chini, mikono ya Spès ilikuwa tayari juu ya kijiti inapekecha. Kijiti hakikusimama. Spès akashuka, na kifundo chake kilipoanza kulalamika alikuwa amefika chini, na Kabula alikuwa juu anampokea. Kabula akashuka, Spès akampokea. Moshi uliacha kupungua, ukawa mweupe, ukawa mzito, ukawapanda usoni wakakohoa na hawakuacha.

"Nipokee," Kabula akasema mara moja, na akapokewa.

Kisha Helena akapaza sauti, "Acheni, acheni, unafuka wenyewe."

Wakaacha. Ule unga mweusi ulikuwa unatoa uzi wa moshi peke yake, na katikati yake palikuwa na doa jekundu dogo kama jicho la njiwa. Kabula aliudondosha kwenye mavi ya tembo. Spès akaweka viganja kuzuia upepo. Kabula akapuliza polepole, akapuliza tena, na moto ukaruka ukawaka. Akina mama wakapiga vigelegele. Wawili wale walitazamana kwa mara ya kwanza tangu mambo ya maharage, nyuso nyeusi kwa masizi, na Spès akaanza kucheka.

"Subirini," Cletus akasema.

Alifungua daftari, akalisogeza mbali na macho, akasoma. "Mwanachama mpya atatoa moto kwa mikono yake, bila kiberiti. Mikono yake. Sasa hapa moto ni mmoja. Moto mmoja, mwanachama mmoja. Semeni ni wa nani niandike."

Ndugu msomaji, usiharakishe kumsifu mtu kabla hujakaa alipokaa. Zamu ilikuwa ya Kabula, vijiti vya Kabula, na damu iliyokuwa kwenye kijiti ilikuwa ya Kabula. Neno moja tu, "wangu", na mizinga yake kumi na miwili ilikuwa inakwenda msituni. Neno lilimfika kwenye ulimi. Alilitaka sana, na siwezi kukuficha.

Spès ndiye aliyesema kwanza, macho yake yakiwa chini. "Andika yeye. Mimi zamu yangu ilishapita."

Kilichomuumiza Kabula ni jinsi alivyolisema, kama mtu aliyezoea kuondolewa kwenye orodha. Kabula aliijua sauti hiyo. Ilikuwa sauti yake mwenyewe kila shemeji aliposimama.

"Yaya," alisema, na hiyo ni hapana ya Kisukuma, ilimtoka tu. "Mwenyekiti, ukiniandika peke yangu utakuwa umeandika uongo kwenye daftari lako. Huu moto nisingeutoa. Samli ningeijua saa ngapi? Tuandike wote, au utufute wote."

"Sheria siwezi kuivunja kwa sababu nyie mmehurumiana," Cletus akajibu. "Mrinaji akiwa peke yake msituni atampata wapi wa kumpokea? Mimi nimetoa moto peke yangu miaka yote."

"Miaka ipi hiyo, Mwenyekiti?" Helena akauliza taratibu. "Maana kila tukienda kurina, moto natoa mimi. Wewe unasema mgongo unauma."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka barabarani. Cletus alifunga daftari. Alivua koti, akalitundika kwenye kiti na kukunja mikono ya shati. "Sawa," akasema. "Nikitoa moto peke yangu, hawa wote wawili warudi mwakani. Nikishindwa, waingie wote wawili. Katibu, shika simu."

Kila mtu alijua kwamba Cletus enzi zake alikuwa fundi, na ufundi haufi upesi. Naam, alipopiga magoti na kushika kijiti, ilionekana. Viganja vyake vilishuka taratibu, bila papara, na moshi ukaanza dakika ya pili. Dakika ya nne unga mweusi ulikuwa umejaa nusu ya mkato. Spès alifumba macho. Kabula alijilaumu kwa kutosema lile neno moja, kisha akajilaumu kwa kujilaumu.

Lakini enzi zake zilikuwa zamani. Dakika ya sita pumzi ya Cletus ilianza kusikika. Dakika ya nane mikono yake ilipanda kwa shida, na moshi ukapungua. Akaufuata, akaurudisha. Akapanda tena, ukapungua tena. Mishipa ya shingo ilimtoka. Moto ulikuwa pale, umebakiza pumzi tatu au nne kuzaliwa, na kila alipoinua mikono ulikuwa unamponyoka. Wanawake wawili walikuwa wamechuchumaa hatua moja kutoka kwake. Walichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Wangekaa hivyo hivyo na kuutazama moshi ukifa, na wangeshinda.

Viganja vya Cletus vilifika chini. Moshi ukawa uzi.

"Nipokee," alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Nadhani hata yeye hakujisikia. "Nipokeeni juu, upesi, unazima."

Spès alikuwa ameshashika. Alishuka, Kabula akampokea, Kabula akashuka, na Cletus akarudi juu kwa pumzi mpya kama kijana. Walizunguka hivyo mara mbili, mikono sita kwenye kijiti kimoja, mpaka unga ukafuka wenyewe. Cletus aliudondosha kwenye mavi makavu, akapuliza mashavu yakimvimba, na moto ulipowaka alirusha mikono yote miwili juu kama aliyefunga goli. Akabaki hivyo, mikono hewani. Akakumbuka.

Helena alisogea na simu, akachuchumaa mbele yake, akauangalia ule moto kwa makini.

"Mwenyekiti," akauliza, "na huu ni wa nani, niuandike?"

Cletus alitazama viganja vyake vilivyochunika. Akatazama vya Kabula, akatazama vya Spès. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyenaswa na mtego alioutega mwenyewe, na hapo ndipo uwanja mzima ulipolipuka. Aliomba kalamu. Kwanza alilikata neno "yake" kwenye daftari, na juu yake akaandika "yao". Akawasomea wanachama sheria ilivyo sasa, kwamba moto utatolewa kwa mikono yao, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mrinaji atakayeingia msituni peke yake. Hakuna aliyepinga. Halafu akafungua ukurasa wa orodha ya Jumatatu.

"Jina kamili," alisema.

Kabula aliinuka. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kusimama na kumsemea.

"Kabula Masunga," alisema, kwa sauti iliyofika nyuma kabisa.

"Na wewe?"

"Spès Ndayizeye. Usisahau kale ka alama juu ya e."

Cletus akaandika yote mawili, moja chini ya jingine, na akakaweka kale ka alama mahali pake. Jumatatu orodha ilikwenda, na kabla mwezi haujaisha mizinga ya Kabula ilikuwa juu ya miti, ikipakana na ya Spès, ndani yake nyuki wakivuma. Aliye na mashaka aende Litapunga akaulize, kisha apige magoti ajaribu kupekecha peke yake mpaka viganja vimwambie vilichowaambia wale watatu: kidole kimoja hakivunji chawa.